Minazi Ishirini na Saba

Arubaini ya baba ilipokwisha
na masufuria yakarudi kwa wenyewe huko Langoni,
niliifungua kompyuta yake kuukuu,
yenye mchanga wa Kipungani chini ya vibonye,
nikakiamsha kikokotoo alichokipenda:
hakina picha, hakina rangi,
mstari mmoja mweusi unaokungoja useme.

Baba alikuwa mwashi. Yeye ndiye aliyenifundisha:
"Usirudie hesabu kama kasuku.
Ipe jina. Siku nyingine iite, itakuja."
Aliandika boriti(x), x ikiwa urefu wa chumba,
ikamrudishia idadi ya miti ya kuezekea.
Akaandika chokaa(x). Akaandika deni(x),
na hiyo ya deni akaifuta nikimtazama.

Nami nikaandika fungu(x).
Mjane, thumni.
Babu, sudusi. Nyanya, sudusi.
Mabinti wawili, mimi na Khuleita, thuluthi mbili.
Viwango si vyangu, viliwekwa kabla ya umeme;
vyangu ni mabano tu, na koma.

Mahali pa x nikatia 216,
minazi yote ya shamba la Kipungani.
Ishirini na saba.
Thelathini na sita, thelathini na sita.
Mia moja arubaini na nne.
Nikajumlisha, maana baba alizoea kusema
mashine haidanganyi, ila haina haya.
Mia mbili arubaini na tatu.

Nilitafuta bano nililosahau kulifunga.
Nilifuta, nikaandika upya, nukta kwa nukta.
Usiku ule ule, jibu lile lile:
minazi ishirini na saba isiyopandwa na mtu,
isiyokwewa, isiyodondosha hata kidaka,
imesimama wima kwenye kioo.

Asubuhi nikaazima punda, nikaenda,
nikahesabu kwa chaki, shina kwa shina.
Mia mbili kumi na sita.
Mmoja ulipigwa na radi, umebaki gogo refu.
Niliuhesabu, kwa kuwa baba aliuhesabu.

Mchana nyanya alipakua wali, sinia moja, watu watano.
Hatujamaliza bismillahi, hodi:
Athmani amemfuata punda wake, na wanawe wawili.
"Ndooni," nyanya akasema, kwa Kiamu chake,
"ndooni nyote. Na nyinyi, sogeeni."
Hakuna aliyenyimwa.
Hakuna punje iliyoongezwa.
Kila mmoja alipungukiwa na kiasi cha kiganja mbele yake,
mwenye nyingi akapungukiwa zaidi.

Nikabaki na tonge mkononi.

sogea(x):
yajumlishe mafungu; yakizidi moja,
ligawe kila fungu kwa jumla hiyo hiyo.
Basi. Mstari mmoja.
Nikaitia fungu ndani ya sogea,
kapu ndani ya kapu, nikabonyeza.
Ishirini na nne. Thelathini na mbili, thelathini na mbili.
Sitini na nne kwangu, sitini na nne kwa Khuleita.
Ile ishirini na saba ya hewani ikaanguka bila kishindo.

Sharifu Badi, karani wa kadhi,
alipitisha kidole juu ya karatasi yangu, akacheka.
"Hii inaitwa auli, binti.
Ilikuwapo kabla Ngome ya Amu haijajengwa."
Nikaona haya. Nilidhani nimeizaa mimi.

Jioni nikamweleza mama, anamenya vitunguu.
"Kwa hiyo thumni yangu imekuwa moja ya tisa."
Ndiyo.
"Minazi mitatu imenitoka."
Ndiyo, mama.
Hakukasirika. Aliuliza tu: "Ipi?"

Nilinyamaza.
Fungu haijui ipi. Sogea haijui ipi.
Zinajua ngapi, hapo ndipo elimu yao inapokoma;
hazijui mnazi aliofungia kitanda changu cha kamba,
wala ule baba alioupa mgongo akila embe mbichi na chumvi
siku alipokuja kumposa.

"Basi katika hiyo ishirini na nne," mama akasema,
akafuta macho kwa kiwiko, kwa vitunguu au kwa jingine,
"uliopigwa na radi nipeni mimi."

Anao hadi leo.
Kikokotoo kinauhesabu moja.